Land Cruiser ya dizeli haivuti mlimani: anzia kwenye tangi, pampu iwe ya mwisho

Kama una gari ya dizeli ya zamani huku kwetu Arusha na Moshi, iwe mkonga, hardtop, pickup ya HZJ yenye injini ya 1HZ, Hilux ya 3L au Defender ya 300Tdi, hili litakukuta tu siku yoyote: mlima uliozoea kuupanda na gia ya nne sasa unadai ya tatu, halafu ya pili, umekanyaga mafuta hadi chini na gari inaguna tu, hadi malori yanakupita. Ukiingia gereji nyingi jibu la kwanza unalopewa kabla hata boneti haijafunguliwa ni "pampu hiyo imechoka mkuu, tuishushe". Naomba sana msikubali haraka. Kushusha pampu na kuipeleka kwenye mashine ni hela ndefu, gari inalala siku kadhaa, na ikirudi mara nyingi kilema ni kile kile, mana ugonjwa ulikuwa kwenye kipande cha mpira chini ya gari au filta iliyojaa maji. Kuna watu wanaishi kwa gari moja tu ya kupeleka wageni Ngorongoro, ikilala wiki mbili mwezi wa saba ada ya watoto imeondoka hapo hapo, ndo mana hili jambo nalichukulia kwa uzito.

Utaratibu ninaouweka hapa unaanza na vya bure, unafuata vya bei ndogo, pampu na nozeli (zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda) zinakuja mwisho kabisa. Usiruke hatua hata kama fundi anakuharakisha.

Kwanza elewa mafuta yanavyotembea

Hili ni la muhimu kuliko spana zote. Kwenye 1HZ, na dizeli nyingi za Toyota za miaka ile, hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi inayosukuma mafuta. Pampu ya dizeli yenyewe ina kipampu kidogo cha ndani kinachovuta mafuta toka kwenye tangi, yanapita kwenye bomba la chesi, mipira, wota separeta (kikombe cha kutenga maji na dizeli), filta, ndo yanaingia kwenye pampu. Maana yake njia yote ya kuanzia tangi hadi pampu inafanya kazi kwa kunyonya. Sasa kitu kinachonyonya kikiwa na tundu hakivujishi nje, kinaingiza upepo ndani. Ndo mana mtu anakuambia "nimeangalia chini hamna hata tone la dizeli, mipira iko poa" kumbe gari inakunywa hewa kila dakika. Defender za 200Tdi na 300Tdi zina kipampu cha diaframu pembeni ya blok kinachosaidia kuvuta, ila toka tangi hadi kwenye kile kipampu bado ni kunyonya, kwa hiyo ugonjwa ni ule ule.

Hatua ya 1: kabla ya kushika spana, jiulize inakosa nguvu lini

Chukua karatasi uandike, usitegemee kichwa. Ilianza ghafla au pole pole? Baada ya kujaza mafuta sheli fulani au baada ya kumimina ya dumu porini? Inakosa nguvu toka inawaka au baada ya kutembea nusu saa? Ukizima ukasubiri dakika kumi nguvu zinarudi halafu zinapotea tena? Inakuwa mbaya zaidi tangi likiwa chini ya nusu? Asubuhi inapigwa selfu muda mrefu ndo iwake, na inawaka kwa kukohoa na moshi mweupe? Kila jibu hapo lina mahali linaelekeza na nitayarudia huko chini.

Halafu kuna suala la muinuko, na hili watu wa Kaskazini tunalisahau. Injini isiyo na tabo (turbo, ile ya kusukumia hewa zaidi) kama 1HZ inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, mana hewa inakuwa nyepesi. Arusha mjini tuko kama mita 1,400, ukingo wa kreta ya Ngorongoro ni kama mita 2,300. Kwa hiyo pale juu kwenye ukingo gari yako nzima kabisa, isiyo na ugonjwa wowote, imeshapoteza karibu robo ya nguvu ilizokuwa nazo Dar, na itatoa moshi mweusi kiasi ukikanyaga sana. Mtu amenunua pickup Dar, kule inakimbia, akifika nayo Karatu anasema imeharibika njiani. Haijaharibika. Cha kufanya ni kulinganisha na yenyewe: mlima ule ule, mzigo ule ule, gia ile ile, spidi ngapi zamani na spidi ngapi sasa. Watu wa Arusha wengi wanatumia ule mpando wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, Moshi unaweza kutumia barabara ya kupanda Machame au ile ya Himo kwenda Marangu. Chagua mmoja uwe mlima wako wa vipimo na usiubadilishe.

Angalia moshi pia, mwambie mtu akae nyuma na gari nyingine wakati unapanda. Haina nguvu na haitoi moshi wowote hata ukikanyaga hadi chini, hiyo ina njaa, mafuta hayafiki, karibu kila mara tatizo liko kabla ya pampu. Moshi mweusi mwingi maana yake mafuta yapo ila hewa haitoshi, au nozeli zinakojoa badala ya kupuliza. Mweupe unaowasha macho ni mafuta yasiyoungua, hapo fikiria upepo kwenye mafuta, taimingi (muda wa kupuliza dizeli) iliyochelewa au kompresheni (mgandamizo wa silinda) ndogo. Wa bluu ni oili, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya 2: vya bure

Mtu mmoja akae ndani akanyage mafuta hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, wewe uko kwenye pampu unaangalia ile leva ya resi, lazima iguse skrubu ya kusimamia ya mwisho. Isipogusa basi kebo imelegea au kapeti imekaa chini ya pedali, na hapo umemaliza kazi bila kununua kitu. Ukishatembea kilomita kadhaa bila kukanyaga breki sana, simama ushike rimu zote nne kwa tahadhari, moja ikiwa ya moto kuliko nyingine breki imejam. Gari inapiga kelele ya resi kubwa lakini spidi haiongezeki, hiyo ni klachi. Na kama umefunga tairi kubwa kuliko zile za 7.50R16 zilizokuja nayo usishangae mlima kuwa mgumu, umebadilisha gia zote bila kujua.

Hatua ya 3: hewa

Vumbi letu la Serengeti na lile la njia ya Engaruka kwenda Natron linaziba ea klina haraka sana, safari moja tu ya kiangazi inatosha. Fungua, toa filta, imulike kwa tochi toka ndani, mwanga usipopita ibadilishe. Ukiipuliza kwa kompresa puliza toka ndani kwenda nje na upepo uwe mdogo, usiigonge gonge chini mana inapasuka na injini ikishakula vumbi inaisha ringi. Angalia na mkonga wenyewe, lile bomba la nje la kuvutia hewa, nyigu wanajenga humo, na kuna gari zimekutwa na mfuko wa nailoni umekaa kwenye shingo. Minya ule mpira mkubwa unaotoka ea klina kwenda injini, ukiwa laini sana unajikunja kwa ndani injini inapovuta, na ukiwa na ufa unaingiza vumbi ambalo halijachujwa. Unaweza kujaribu kupanda mlima mfupi wa lami bila filta ili kuona tofauti, lami tu, kwenye vumbi usithubutu.

Eksozi nayo inaweza kuziba ndani, lile boksi la kati linaoza na vipande vinalala kwenye njia. Ni nadra lakini ipo. Fungua flenji ya mbele kidogo, jaribu, ukiona nguvu zimerudi umeipata, ila usifanye hivyo mahali penye majani makavu.

Hatua ya 4: mafuta, na hapa tukae

Asilimia kubwa ya hizi gari zinaponea hapa kwa hiyo usiwe na haraka.

Anza na mfuniko wa tangi. Gari ikianza kukosa nguvu simama pembeni, fungua mfuniko. Ukisikia limevuta pumzi ndefu "fyuuu" na gari ikatembea vizuri baada ya hapo, breza ya tangi (tundu lake la kupumulia) imeziba kwa matope. Tangi lisipopata hewa ya kuingia mafuta hayatoki. Safisha kile kimpira cha breza, imeisha.

Pili, kama gari yako ina tangi mbili kama hardtop ndefu nyingi, una kipimo cha bure ambacho wengi hawakitumii: badilisha tangi. Nguvu zikirudi ukiwa kwenye tangi la pili, pampu yako na nozeli zako ni nzima, ugonjwa uko kwenye tangi la kwanza au bomba lake kabla ya valvu ya kubadilishia. Ukibaki vile vile, ugonjwa uko mbele ya hiyo valvu au ni valvu yenyewe.

Tatu, toa mafuta ya chini. Maji ni mazito kuliko dizeli kwa hiyo yanakaa chini kabisa. Legeza kile kikoki cha chini ya filta au cha wota separeta, kinga kwenye chupa ya maji ya kunywa inayoonyesha ndani, iache isimame usiku mzima. Asubuhi utaona. Dizeli safi inang'aa na unaona herufi za gazeti kwa upande wa pili. Maji yanakaa chini yakiwa na mstari wazi kabisa. Ukiona ute mweusi kama makamasi hao ni wadudu wadogo wanaoota pale maji na dizeli vinapokutana, na hilo tangi lazima lishushwe lioshwe, hakuna njia ya mkato. Masika maji yanaingia kirahisi, kwenye madumu, kwenye mifuniko iliyochoka, na tangi likilala karibu tupu usiku wa baridi wa Julai linatoa jasho kwa ndani. Jaza jioni ukirudi badala ya kujaza asubuhi ukiondoka. Ile taa ya filta kwenye dashibodi isikufanye ukae kwa amani, nyingi balbu zilishaungua au waya wa chini ya filta ulikatwa na mtu aliyebadilisha filta. Washa swichi, taa inatakiwa iwake kidogo izime, isipowaka kabisa hujui lolote.

Mafuta yaliyochanganywa na ya taa nayo yapo, japo EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na huo mchezo. Shida ya mafuta ya taa ni kwamba pampu ya aina hii inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake, kwa hiyo mafuta makavu yanakwangua pampu kila unapotembea. Ukihisi ni mafuta, rudi na kumbukumbu ya sheli uliyojaza na risiti yako, na weka chupa ya sampuli.

Nne, filta. Badilisha, ila usitupe ya zamani. Ikate kwa msumeno wa chuma uangalie karatasi ya ndani, kutu, mchanga, ute, vyote vinakuambia hali ya tangi. Kuna dalili moja nzuri sana hapa: ukibadilisha filta nguvu zikarudi, ukatembea kilomita hamsini zikaondoka tena, usinunue filta ya tatu, tangi ni chafu. Na filta feki zimejaa, nyingine oringi yake ni ngumu haikai vizuri inaingiza upepo. Paka oringi dizeli kabla ya kufunga, kaza kwa mkono tu.

Tano, na hii ndo ninayoipenda kuliko zote, kipimo cha mpira unaoonyesha ndani. Nunua kipande cha mpira mweupe unaofanana kwa upana na wa gari yako, urefu wa futi moja, na klipu mbili. Kiweke kati ya filta na pampu. Washa, angalia kwenye sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta) halafu mtu apige resi taratibu hadi kama 2,500. Vipovu vichache mwanzoni baada ya kufunga ni sawa vitaisha. Vikiendelea kupita mfululizo, gari inakunywa upepo. Hamisha kipande hicho sasa kiwe kabla ya filta. Vipovu vikipotea hapo, upepo unaingia kwenye filta, kichwa cha filta au ile pampu ya mkono juu yake. Vikiendelea, uko nyuma zaidi, hamia kwenye wota separeta, halafu kwenye mipira ya chini, unarudi hivyo hivyo hadi ufike tangi. Hakuna kubahatisha.

Ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta ni mgonjwa wa kwanza kwenye Toyota zenye umri. Diaframu yake inachanika kwa nywele tu, haivuji, inaingiza hewa. Ni hiyo pia inayofanya asubuhi upige selfu muda mrefu, mana usiku mafuta yote yamerudi kwenye tangi kwa sababu kuna tundu linaloachia. Ukiegesha pua ikiwa juu inakuwa mbaya zaidi. Ukiwa na haraka njiani unaweza kuipita kabisa, unganisha mpira wa kuingia moja kwa moja kwenye filta ya plastiki ya muda halafu pampu, ufike nyumbani.

Mipira sasa. Mpira wa zamani unaonekana mzima kwa nje na ndani umebanduka, injini ikivuta kwa nguvu ile ngozi ya ndani inajifunga kama valvu. Kwenye sailensa gari inaenda vizuri, kwenye mlima inakufa. Hapo hutaona kipovu hata kimoja ila mafuta hayapiti. Badilisha mipira yote ya kunyonya kwa wakati mmoja, ni vipande vifupi, na nunua ya dizeli. Ule wa maji wa kukata kwa mita dukani unalainika na dizeli na kuvimba, umejinunulia ugonjwa mwingine. Bomba la chuma linalopita kwenye chesi nalo likague pale kwenye vishikizo vyake, linaliwa na kutu kwa upande wa juu usioonekana.

Sita, ndani ya tangi kuna bomba la kunyonyea lenye wavu. Gari inayotembea vizuri nusu saa, inakufa, unasubiri dakika kumi inapona, inakufa tena, mara nyingi kuna uchafu unaovutwa hadi kwenye wavu na ukizima unadondoka. Fungua mpira wa kuingia kwenye filta, fungua na mfuniko wa tangi, puliza kwa kurudi nyuma kwa upepo mdogo mtu akisikiliza kwenye tangi. Ikibubujika kwa uhuru na gari ikapona kwa muda, umepata jibu: tangi lishuke. Inayokufa tangi likiwa chini ya nusu inaweza kuwa hilo bomba la kunyonyea limeliwa kutu juu ya usawa wa mafuta, likiwa limezama halionyeshi, mafuta yakishuka linaanza kuvuta hewa.

Saba, testi ya dumu, na hii ndo hakimu. Chukua dumu safi la lita kumi, jaza dizeli unayoiamini, lifunge imara juu ya usawa wa injini mbali na eksozi, kwa kamba ya uhakika. Vuta mpira mpya toka kwenye dumu, pitisha filta mpya ndogo ya plastiki, ingiza moja kwa moja kwenye pampu. Mpira wa ritani, ule wa kurudisha mafuta yaliyozidi, unaotoka kwenye pampu na nozeli nao urudishe kwenye dumu, usipofanya hivyo dumu litahamia lote kwenye tangi ndani ya muda mfupi na utadhani gari imezima kwa ugonjwa. Toa upepo, washa, nenda kwenye ule mlima wako wa vipimo, nenda na mtu wa pili na mtungi wa kuzimia moto. Gari ikipanda kama zamani basi pampu ni nzima, nozeli ni nzima, taimingi ni nzima, na fundi yeyote anayetaka kushusha pampu baada ya hapo anakosea. Ikiguna vile vile, endelea na hatua inayofuata.

Kutoa upepo: pampu kwa mkono hadi iwe ngumu, piga selfu isizidi sekunde kumi na tano, pumzisha, pampu tena. Isipowaka legeza nati za nozeli mbili kidogo, piga selfu hadi mafuta yatoke bila povu, kaza.

Hatua ya 5: vitu vidogo vya kwenye pampu

Kabla ya kuishusha kuna vitu vitatu juu yake. Bolti ya ritani imeandikwa OUT na ina kitundu kidogo sana kilichopimwa. Mafundi wanaposhusha na kurudisha wanaibadilisha na ile ya kuingilia, zinafanana, na hapo gari inakosa nguvu kabisa mana mafuta yanaingilia kwenye tundu la sindano na presha ya ndani ya pampu inapotea, taimingi haisogei. Nimeshaona pampu inarudishwa kwenye mashine kwa kosa hilo tu. Pampu nyingine zina kawavu kadogo kwenye mlango wa kuingilia, kasafishe. Na solenoidi ya kuzimia, washa swichi na uzime, sikiliza "tak", isiposikika au ikiwa dhaifu pima umeme unaofika pale, waya wenye kutu unaipa umeme pungufu na inafungua nusu.

Kisha kuna ile skrubu ya kuongeza mafuta nyuma ya pampu. Mafundi wengi wakishindwa kuona ugonjwa wanaizungusha, gari inapata nguvu siku mbili tatu na moshi mweusi wa kutia aibu, mwenye gari anafurahi. Kinachofuata ni joto. 1HZ ikiunguzwa na mafuta mengi inapasuka silinda hedi, na kwa huku juu hewa ilivyo nyepesi unamwaga mafuta ambayo hayana hewa ya kuungua nayo. Weka alama ya rangi kwenye hiyo skrubu na nati yake siku ya leo, uangalie kila ukitoka gereji.

Hatua ya 6: nozeli

Injini ikiwa ya moto kwenye sailensa, vaa miwani na glavu, funika nati kwa kitambaa, legeza nati ya bomba la nozeli moja kwa robo ya mzunguko. Sauti ikibadilika na injini ikitetemeka hiyo silinda ilikuwa inafanya kazi, kaza nenda inayofuata. Ukilegeza na hakuna tofauti yoyote umeipata inayolala. Usiweke kidole karibu kabisa, mafuta ya presha yanapenya ngozi na hilo jeraha linaonekana dogo kumbe ni la hospitali siku hiyo hiyo. Na hiki kipimo ni cha dizeli za zamani tu. Gari yenye komoni reli kama 1KD ya D-4D presha yake inapita bar 1,000, usiiguse nati yoyote ikiwa inawaka.

Nozeli zinazogonga na kutoa moshi mweusi zipelekwe kupimwa zote kwa pamoja, ziangaliwe presha ya kufungulia na namna zinavyopuliza, mtu akikupa moja "mpya" na tano za zamani injini itatetemeka. Ukirudisha tumia waisha mpya za chini, kila moja.

Hatua ya 7: taimingi, tapeti, kompresheni

Hapa uwe na fundi mzuri. Kama gari ilianza kukosa nguvu mara baada ya kubadilisha taimingi belti na inatoa moshi mweupe, jino moja limeruka, fungua kava uangalie alama. Belti ya 1HZ inabadilishwa kila kilomita 100,000 na watu wengi walionunua gari mkononi hawajui ilibadilishwa lini, basi badilisha. Tapeti za 1HZ zinapimwa injini ikiwa ya baridi, intake kama milimita 0.20 na eksozi kama 0.40, zinajibana zenyewe kadri valvu zinavyokaa na hakuna kelele inayokuonya, nguvu zinapungua kimya kimya. Kompresheni ipimwe silinda zote sita, cha kuangalia zaidi ni tofauti kati yao.

Zenye tabo kama 1HD-T na 1KZ, kabla ya haya yote kagua mipira ya tabo kwa ufa na klipu zilizolegea, na kile kimpira chembamba kinachopeleka presha ya tabo kwenye pampu kwa zile zenye nacho. Kikikatika pampu haijui kama tabo inafanya kazi, haiongezi mafuta. 1KZ-TE ina kompyuta kwa hiyo isomwe kodi za hitilafu kwanza.

Umefika hapa, dumu limesema tatizo haliko kabla ya pampu, hewa ni safi, nozeli zimepimwa, taimingi iko sawa. Sasa ishushwe, na iende kwa mtu mwenye mashine ya kupimia, sio wa kubadilisha oringi chini ya mwembe. Mwambie unataka vipimo vya kabla na vya baada viandikwe kwenye karatasi, presha ya ndani na kiasi cha mafuta kwa kila silinda, na vipuri vilivyotolewa urudishiwe kwenye mfuko. Wakati pampu iko huko wewe usikae, shusha tangi ulioshe, badilisha mipira, funga filta mpya, mana pampu iliyotengenezwa ikipigwa selfu ya kwanza na maji yale yale ya zamani itarudi kwenye mashine kabla ya msimu kuisha.